Usingizi wa Mtoto Mchanga Hauuzwi Dukani

Mvua zinaposhika Namtumbo mwishoni mwa mwaka, siku ya mama mwenye mtoto mchanga hurefuka pande zote mbili. Alfajiri huwahi shamba la mahindi au la tumbaku, mtoto akiwa mgongoni. Jioni hurudi na kuni, na bado maji yanamsubiri, na chakula cha kupika. Usiku, kaya nzima ikiwa imelala, yeye huamka mara tatu, nne, hata tano kunyonyesha. Baada ya majuma kadhaa ya hali hiyo, swali analolifikisha kliniki huwa fupi: "Nesi, mtoto huyu halali. Nimpe nini?"

Uzito wa swali hilo umo katika maneno mawili ya mwisho. Yanadhania kwamba usingizi ni kitu cha kunyweshwa, na wapo wengi walio tayari kumjibu mama huyo kwa dhana hiyohiyo. Mmoja atasema mtoto hashibi, apewe uji mwepesi kila jioni. Mwingine atataja dawa ya mafua ambayo huleta usingizi. Wa tatu ataleta maji ya mizizi. Makala haya yanatetea jibu jingine: mtoto mchanga hapewi usingizi, huzoeshwa. Huzoeshwa kwa upole, kwa kutumia vitu ambavyo tayari vimo nyumbani. Wala jambo hilo haliwezekani iwapo anayemzoesha ameachwa peke yake.

Usiku wa mtoto si usiku wa mtu mzima

Mtoto anapozaliwa hana usiku wala mchana. Saa ya mwili inayomfanya mtu mzima asinzie giza linapoingia bado haijaanza kufanya kazi ndani yake. Homoni ya melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika, huanza kutengenezwa kwa mpangilio unaoonekana mtoto akifikisha takriban miezi 2 hadi 3. Kabla ya hapo, sehemu ya homoni hiyo humfikia kupitia maziwa ya mama yanayonyonywa usiku. Kwa maana hiyo, ziwa la usiku ni chakula na ni fundisho la kwanza la tofauti kati ya usiku na mchana.

Aidha, mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto mchanga huchukua karibu saa moja tu, ilhali wa mtu mzima hukaribia saa moja na nusu. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto huyo ni usingizi mwepesi: macho huchezacheza chini ya kope, midomo hunyonya hewa, mikono hujinyoosha, na pengine hutoa sauti ya kuguna. Wazazi wengi humwinua hapo wakidhani ameamka, kumbe wao ndio wanaomwamsha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza saa 14 hadi 17 za usingizi kwa mtoto wa miezi 0 hadi 3, saa 12 hadi 16 kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, na saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2. Saa hizo huhesabiwa katika siku nzima, usiku na mchana. Usingizi wa mgongoni wakati mama anapalilia umo ndani ya hesabu hiyo. Mama anayelalamika kwamba mtoto "halali" aombwe kwanza kujumlisha; mara nyingi itaonekana kwamba mtoto analala vya kutosha, isipokuwa halali wakati ambao mama angependa.

Jambo hili lilichunguzwa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970, watafiti Sara Harkness na Charles Super walifuatilia watoto wachanga wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya, wakawalinganisha na watoto wa Marekani. Wale wa Marekani, waliolazwa peke yao, walifikia mapema kulala kwa saa nyingi mfululizo. Wale wa Kokwet, waliolala ubavuni mwa mama na kunyonya walipotaka, waliendelea kuamka usiku kwa miezi mingi, na hawakuwa wagonjwa kwa sababu hiyo. Kulala usiku kucha bila kuamka, basi, si kipimo cha afya. Ni matarajio ya jamii fulani, na mama wa Namtumbo hana sababu ya kujiona ameshindwa kwa kutoyafikia.

Njia za mkato na gharama zake

Uji ndiyo njia ya mkato inayoonekana kuwa na huruma kuliko zote, na ndiyo inayodhuru wengi. Tumbo la mtoto wa miezi 2 au 3 halikuandaliwa kwa uji. Kila kijiko cha uji hupunguza hamu ya kunyonya, na mtoto asiponyonya sana, maziwa ya mama nayo hupungua. Maji yasiyo salama na chombo kisichochemshwa huleta kuhara. Mtoto anayehara halali, na mama yake halali pia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na Ruvuma, mkoa unaolisha mikoa mingine kwa mahindi, ulikuwa juu ya wastani huo. Udumavu una sababu nyingi, lakini kuvunja unyonyeshaji wa maziwa pekee kabla ya miezi 6 ni mojawapo, na huanza na nia njema ya kumtafutia mtoto usingizi.

Dawa ndiyo njia ya mkato ya hatari zaidi. Dawa za mzio na mafua zenye kuleta usingizi zinaweza kupunguza au kusimamisha pumzi ya mtoto mchanga. Promethazini, kwa mfano, haipaswi kupewa mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa sababu hiyohiyo. Mtoto aliyelazwa kwa dawa hajapumzika, amezimwa. Hataamka akiwa na njaa, hataamka homa ikimpanda, wala hataamka nguo ikimfunika pua.

Historia ya nchi nyingine ni onyo tosha. Katika karne ya 19, wanawake wa Uingereza na Marekani waliofanya kazi viwandani, mashambani na majumbani walinunua dawa za maji za kutuliza watoto. Moja iliyojulikana sana Marekani ni Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyokuwa na mofini. Uingereza ilikuwapo Godfrey's Cordial, iliyokuwa na afyuni. Watoto walinyamaza, na wengi hawakuamka tena. Marekani ilianza kuwalazimisha watengenezaji kutaja afyuni na mofini kwenye chupa kwa sheria ya mwaka 1906. Wanawake wale hawakuwa wakatili. Walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka aliuziwa ukimya badala ya kupewa msaada. Tofauti kati yao na mama anayetoka shambani Namtumbo jioni ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mkoa wa Ruvuma una sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Ni mkoani humu ambamo mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulijaribiwa kwanza mwaka 2003, kabla ya kuenezwa nchini, ili wananchi wa vijijini wapate dawa salama kutoka kwa wauzaji waliofunzwa. Ingefaa mkoa ulioanzisha maduka hayo uwe pia wa kwanza ambamo muuzaji, akiulizwa dawa ya kumlaza mtoto, hujibu bila kusita kwamba dawa hiyo haipo, kisha humwelekeza mama kliniki.

Je, aachwe alie?

Upande wa pili wapo wanaoshauri mtoto aachwe alie mpaka ajizoeze. Ushauri huo ulienezwa na vitabu vya malezi vya Marekani tangu mwisho wa karne ya 19, na siku hizi huwafikia wazazi vijana wa Songea na Namtumbo kupitia simu za mkononi. Haki itendeke: tafiti zilizofanywa katika nchi tajiri kwa watoto waliopita miezi 6, kwa mpango wa kuwatuliza kwa vipindi, hazikuonyesha madhara ya muda mrefu. Lakini watoto hao walikuwa na vyumba vyao, na wazazi wao hawakuishi na malaria. Katika nyumba ya Namtumbo, kilio cha usiku kinaweza kuwa homa, na homa ya mtoto mchanga haisubiri asubuhi. Mzazi aliyejizoesha kutosikia kilio hupoteza mlinzi wake wa kwanza.

Tena, ushahidi unaonyesha kwamba kumjibu mtoto hakumdekezi. Mary Ainsworth, aliyewafuatilia watoto 28 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, aliona kwamba watoto waliotulia zaidi ni wale ambao mama zao waliwafahamu vizuri na kuwaitikia. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972 kuhusu watoto wa Baltimore nchini Marekani, yeye na mwenzake Silvia Bell walieleza kwamba watoto waliojibiwa mapema katika miezi ya mwanzo walilia kidogo kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza. Nchini Kanada, Urs Hunziker na Ronald Barr walichapisha mwaka 1986 matokeo ya jaribio la kuwaomba wazazi wawabebe watoto wao kwa muda mrefu zaidi kila siku. Watoto hao walipofikisha wiki 6 walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Mbeleko, ambayo baadhi ya wasomi waliiona kuwa ishara ya umaskini, ilishinda jaribio bila kujua kwamba inashindanishwa.

Chandarua kiwe saa ya mtoto

Kinachomzoesha mtoto kulala ni mfuatano wa mambo yaleyale, kwa utaratibu uleule, kila jioni. Utafiti wa Jodi Mindell na wenzake wa mwaka 2009, uliohusisha mama 405 na watoto wao wa miezi 7 hadi 36, ulionyesha kwamba utaratibu huo pekee, ukifuatwa kwa wiki mbili, ulipunguza kuamka usiku na pia uliboresha hali ya moyo ya mama. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi: kuoga, kupakwa mafuta, na shughuli ya utulivu kabla ya taa kuzimwa.

Kaya ya Namtumbo haihitaji kununua chochote ili kufanya hivyo, kwa kuwa tayari ina kifaa kinachofaa kuliko kengele yoyote, nacho ni chandarua chenye dawa. Mama hupewa akiwa mjamzito, na hupewa kingine mtoto anapopata chanjo ya surua na rubela. Kikishushwa wakati uleule kila jioni, kabla mbu hawajaanza kazi yao, chandarua huwa kinga na huwa ishara pia. Mtoto huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, hupakwa mafuta, hunyonyeshwa chini ya chandarua katika mwanga hafifu, kisha huimbiwa wimbo wa kubembeleza ambao bibi yake anaujua, uwe wa Kingoni, Kindendeule au Kiswahili. Wimbo uwe uleule. Mtoto hachoki kurudiwa. Kurudiwa ndiko kunakomwambia kwamba hakuna jipya la kusubiri, na sasa anaweza kulala.

Mchana nao una sehemu yake. Mtoto aonyeshwe mwanga wa asubuhi, achezewe, asikie sauti za nyumba na za shamba. Usiku, anapoamka kunyonya, taa ya sola au tochi ya simu isimmulike usoni, asizungumzishwe wala kuchezewa. Anyonye na arudishwe palepale. Kuanzia miezi 4 hadi 6, mama anaweza kumlaza akiwa amesinzia lakini hajazama usingizini, huku mkono wake ukibaki kifuani pa mtoto. Akiguna, asubiriwe kidogo kuonekana kama atarudi kulala mwenyewe. Akilia, ainuliwe. Katika kusubiri huko kufupi kuna tofauti kati ya kumpa nafasi na kumtelekeza.

Baada ya miezi 6, chakula cha nyongeza kikishaanza, uji wa lishe au chakula laini kilichopondwa kiliwe mapema jioni, siyo dakika ya kulazwa, na kunyonya kuendelee hadi miaka 2 na zaidi. Simu isiwe yaya: mwongozo uliotajwa wa mwaka 2019 haupendekezi mtoto wa chini ya mwaka 1 kutazama kioo chochote.

Kulala pamoja na mama ndiyo desturi, na hakuna sababu ya kuikemea. Kinachotakiwa ni kuifanya iwe salama. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, pembeni ya mama, mbali na mto na nguo nzito, uso ukiwa wazi. Nchi nyingi zilizohimiza kulaza watoto chali tangu mwanzo wa miaka ya 1990 zilishuhudia vifo vya ghafla vya usingizini vikipungua sana. Asilale kati ya watoto wengine, wala kando ya mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo awe na mahali pake pa kulala, karibu na kitanda cha mama. Katika baridi ya Juni na Julai asirundikiwe mablanketi. Kifua chake kikiwa na jasho, nguo zimezidi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kwa dakika chache, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huua bila harufu. Na katika kaya zinazokausha tumbaku kwa moshi, kitanda cha mtoto kiwe mbali na bani, na anayetoka kushughulikia majani anawe na kubadili nguo kabla ya kumpakata. Familia inayohamia kibandani shambani kulinda mazao ihame na chandarua chake.

Mkono mmoja haulei mwana

Yote yaliyoelezwa yanahitaji mtu mwenye nguvu, na hapo ndipo ushauri mwingi unapoishia hewani. Sheria ya ajira humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na baba siku 3. Mama mkulima hana hata moja. Likizo yake haiwezi kutoka kwa mwajiri. Itatoka ndani ya kaya au haitatoka kabisa. Baba anaweza kuteka maji na kuleta kuni katika miezi ya mwanzo. Anaweza kushusha chandarua, kumwogesha mtoto na kumbembeleza, maana mtoto hutulia pia katika kifua kisicho na maziwa. Bibi anaweza kumchukua mtoto baada ya ziwa la alfajiri ili mama alale saa mbili zaidi. Mama mkwe ambaye leo anashauri uji angeweza kuwa msaada mkubwa kuliko wote, iwapo angeheshimiwa kwa kuelezwa sababu badala ya kukaripiwa.

Mama asiyelala kwa miezi mingi huweza kuingia katika sonona. Hulia bila sababu, hukosa hamu ya kula, humtazama mtoto wake kama mzigo, na wakati mwingine huwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huo si uvivu wala si ulegevu wa imani. Ni ugonjwa, na una tiba.

Yanayowezekana kliniki

Mtoto wa Tanzania hufika kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Katika kila hudhurio hupimwa uzito, na mstari huchorwa kwenye kadi. Maswali mawili yaongezwe: mtoto analalaje, na mama analalaje? Hayahitaji fomu mpya wala bajeti. Yanahitaji dakika mbili na mhudumu ambaye hatacheka. Jibu la swali la kwanza hufichua uji wa mapema na dawa za dukani; jibu la la pili hufichua sonona.

Maswali hayo pia hufichua hatari. Mtoto anayelala kupita kawaida na haamki kunyonya, mwenye homa au mwili wa baridi, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege, si mtoto mwenye usingizi mzuri. Ni mgonjwa wa kufikishwa kituo cha afya saa hiyohiyo. Vivyo hivyo, mtoto aliyekuwa akilala vema kisha ghafla akaanza kulia usiku apimwe malaria na kuchunguzwa masikio kabla ya kupewa jina la msumbufu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huingia hadi chumba anacholala mtoto, wana nafasi ambayo daktari hana. Wao wanaweza kuona chandarua kilichotoboka na jiko lililoegeshwa ukutani, na wanaweza kumsikiliza baba akiwapo.

Utaratibu huu hautamfanya kila mtoto alale usiku kucha. Wapo watakaoendelea kuamka hadi mwaka wa pili, na watakua vizuri. Utakachofanya ni kupunguza idadi ya mara za kuamka, kufupisha kila mara, na kumwondolea mama hofu kwamba kuna kasoro aliyoshindwa kuiona. Kwa hiyo mama wa Namtumbo anapouliza tena, "Nimpe nini?", jibu liwe tayari. Ampe maziwa yake, giza la usiku, wimbo uleule na chandarua kilichoshushwa mapema. Naye apewe mtu wa kumpokea mtoto, ili alale.